Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatano asubuhi, mbele ya kitanda namba kumi na mbili, nilisikia kosa langu likitoka kwenye kinywa cha msichana mwingine.

Tulikuwa wanafunzi wanane wa udaktari tuliokuwa tunamalizia miezi mitatu ya upasuaji. Mtihani wa mdomo ulikuwa Jumatatu. Tulikuwa tumekizunguka kitanda cha mzee Amponsah, mkulima wa kakao aliyeletwa Kumasi na ngiri aliyoishi nayo miaka kumi na moja. Mzee alikwisha kuzoea kufunuliwa shuka. Aliweka mikono nyuma ya kichwa akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayechagua machungwa sokoni.

"Leo nani ananishika?" aliuliza.

"Huyu," Profesa Dwomoh alisema, akamwonyesha Pokuaa kwa kalamu.

Pokuaa alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa nyumbani kwao. Kabla ya kumgusa mzee alisugua viganja vyake vipate joto. Nililipenda jambo hilo, hata siku ile.

"Paja la kushoto," Profesa alisema. "Chini kidogo ya mkunjo wa kinena. Nipitishe kutoka nje kuja ndani. Kuna nini, nini na nini?"

"Vena, Prof. Halafu ateri. Halafu neva."

Hakusita hata kidogo. Alisema kama mtu anayetaja majina ya wadogo zake.

Profesa Dwomoh hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kadiri alivyokasirika ndivyo alivyozidi kuwa mpole. "Rudia, binti yangu."

Pokuaa akarudia vilevile.

"Umeigeuza. Neva iko nje, ateri katikati, vena ndani. Ukimpasua mzee wetu kwa ramani yako utadhani unakwepa neva, kumbe unaikata, na goti litamkatalia mpaka afe. Mzee, ungependa hivyo?"

"Goti nalihitaji," mzee alisema. "Shamba langu liko mlimani."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka.

"Kitabu gani kimekwambia hivyo?" Profesa aliuliza.

"Nimesoma, Prof."

"Sijauliza kama umesoma. Nimeuliza kitabu gani."

Pokuaa alitazama chini. Kisha, kwa muda mfupi ambao nadhani hakuna mwingine aliyeuona, alimtazama Ofosu.

Ofosu alikuwa amesimama kando yangu, bega lake karibu na langu, nikiisikia harufu ya sabuni yake. Ofosu wangu wa miaka miwili. Hakugeuka. Alikuwa anaitazama dripu ya mzee, tone moja baada ya jingine.

Nililikumbatia daftari langu kifuani.

*

Kwenye mlango wa idara ya upasuaji kulikuwa na karatasi moja, imebandikwa na gundi iliyokwisha kuwa ya kahawia. Ilikuwa orodha ya kusoma. Mstari wa kwanza, kitabu kikubwa ambacho tulikiita Tofali. Wa pili, kile kidogo cha kumpima mgonjwa kwa mikono na macho. Wa tatu, kitabu cha michoro ya mwili. Wa nne, kile cha upasuaji wa hospitali zenye vifaa vichache. Mstari wa tano ulikuwa mtupu, na chini yake Profesa alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Jaza mwenyewe, na uwe tayari kujitetea.*

Hakufundisha chochote kilichokuwa kwenye orodha ile. "Mimi si redio," alikuwa akisema. "Nyumbani mnasoma, hapa nawauliza."

Basi wanafunzi walikuwa wanagawana. Kila mwaka ilikuwa hivyo, na hakuna aliyeona aibu. Wewe unasoma tumbo na kinena, mwenzako anasoma shingo, matiti na majeraha ya moto, kisha kila mmoja anamwandikia mwenzake ufupisho. Ni kama kumpa mtu mkono akuongoze ukiwa umefumba macho. Usichokisoma mwenyewe unakiamini kwa sababu ya aliyekisoma.

Mimi na Ofosu tuligawana. Mimi nilichukua tumbo na kinena. Likizo ya Agosti nilikwenda nyumbani Ho, nikakaa kwenye meza ambayo mama hukandia mkate, nikaandika madaftari mawili. Moja langu, lililojaa mikwaruzo. La pili lake, safi, kwa wino wa bluu, michoro kwa penseli za rangi; hilo nilimtumia kwa basi kabla mwezi haujaisha.

Profesa alikuwa na tabia ya kuuliza upande ambao kitabu hakikuchora. Kitabu kilichora paja la kulia. Nikaweka karatasi nyepesi juu ya mchoro, nikaupitisha, nikaigeuza karatasi ili nipate la kushoto. Halafu nikaandika majina kwa mpangilio uleule wa kitabu, kushoto kwenda kulia, kana kwamba sikugeuza chochote. Ukurasa wa arobaini na moja. Neva ikakaa mahali pa vena, na vena mahali pa neva.

Kosa niliwahi kuliona. Mwezi Septemba, kabla sijaondoka Ho, nilimpigia simu Ofosu.

"Ukurasa wa arobaini na moja, badilisha. Neva iwe nje."

"Nimebadilisha sasa hivi, Edi," alisema. "Nina daftari mkononi. Ungekuwa hapa ningekubusu hicho kidole kilichokosea."

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama akauliza kuna nini.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na kosa lile.

*

Saa sita mchana nilikuwa kwenye kibanda cha mama anayeuza waakye nje ya geti. Nilinunua sahani ya wali na maharage nikawa naitazama tu. Pokuaa alikuja akavuta kiti bila kuuliza.

"Mwenzangu, umeniona nilivyoaibika."

"Haikuwa aibu kubwa," nilisema.

"Usinifariji, mimi si mgonjwa." Alitabasamu, akafungua mkoba. "Nataka unisaidie. Watu wote wanasema kinena ni chako. Hata Ofosu anasema. Anasema wewe ndiye mwenzake wa kusoma tangu mwaka wa tatu, kama dada yake vile."

Kama dada yake. Niliinua kijiko nikakirudisha.

Pokuaa alikuwa amehamia kwenye kundi letu miezi mitatu iliyopita tu, na mambo yetu mimi na Ofosu hayakujulikana. Ofosu ndiye aliyetaka hivyo. Muuguzi mkuu wa wodi ya tatu alikuwa dada wa kanisani wa mama yake, na mama yake hakutaka kusikia habari za msichana wa Ki-Ewe, watu wa kwetu Ho. "Mpaka siku nitakapokuja kubisha hodi kwenu rasmi," alikuwa akiniambia. "Siku hiyo hata mwenye redio atangaze." Nami nilikuwa naona ni heshima, kufichwa kama kitu cha thamani.

Na siku hiyo ilikuwa imepangwa; aliniambia mama yake amelainika. Jumamosi hii. Wajomba zake wangekuja Ho na chupa mbili za jin kubisha hodi kwa baba na kuniposa, kama watu wanavyofanya. Baba mkubwa alikwisha kufika kutoka Keta. Mama aliazima viti kanisani.

"Usimwambie mtu," Pokuaa alisema, akaegemea mbele. Macho yake yalikuwa yanacheka. "Jumamosi wanakuja kubisha hodi kwetu, Mampong. Ofosu na wajomba zake. Sasa unaelewa kwa nini siwezi kufeli Jumatatu. Mama yake atasema ameletewa mke asiyejua paja."

Mama wa waakye alikuwa anamwambia mteja kuwa mayai yamekwisha. Nilimsikia vizuri kabisa, kila neno.

"Hongera," nilisema. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

"Asante, mpenzi. Sasa tazama, hapa ndipo nilipokosea, na mimi nimekariri kama alivyoandika." Alitoa bunda la kopi lililobanwa kwa waya, akalifungua katikati ya sahani zetu.

Mwandiko wangu. Rangi zangu zimekuwa kijivu. Paja langu la kushoto na kosa lake, lipo palepale, halijaguswa.

"Aliniandikia mwenyewe, yote kwa mkono," Pokuaa alisema. "Daftari lenyewe amebaki nalo. Anasema anapenda tusome ukurasa uleule saa ileile, kila mtu chumbani kwake. Nikamwambia wewe mwanamume ni mwongo wa kwenye sinema. Halafu nikafungua nikakuta haya."

Aliweka kidole pembeni mwa ukurasa.

Nilikuwa nimesahau. Hapana, sikuwa nimesahau. Sikuwa nimefikiria kwamba yanaweza kutembea.

Katika daftari la Ofosu, na katika lake tu, nilikuwa nimeandika maneno madogo pembeni. Mimi siyo mtu wa kusema. Tukiwa wawili nilikuwa nazungumzia vidonda na nyuzi, na yeye ndiye aliyekuwa anasema mambo ya moyo. Kwa hiyo niliyasema kwa penseli, pale ambapo macho yake yangechoka.

*Pumzika hapa. Kunywa maji.*

"Unaona?" Pokuaa alisema kwa upole. "Hapa ndipo nilipomkubali. Wanaume watatu wamenifuata na magari. Huyu akaniambia ninywe maji."

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza mara nyingi maishani mwangu, na watu husema nina adabu. Niliangalia kidole chake juu ya maneno yangu, kucha safi, imekatwa fupi kama inavyotakiwa. Nikaona kwamba nikinyamaza atayabeba maneno yale mpaka nyumba ya ndoa, na siku moja atamsomea mtoto wake.

"Ukifungua ukurasa unaofuata," nilisema, "chini, mkono wa kulia, kumeandikwa: *Hii sehemu ni ngumu, lakini niko hapa upande wa pili wa karatasi.*"

Alinitazama. Akafungua.

"Ukurasa wa arobaini na tano," niliendelea, "juu kabisa: *Ukifika hapa nusu imekwisha. Nimekukumbuka tangu asubuhi.* Wa hamsini na mbili hauna neno, una doa. Ni unga wa mkate wa mama. Kwenye kopi litakuwa kama wingu."

Alifungua wa arobaini na tano. Alifungua wa hamsini na mbili. Akakaa akilitazama lile wingu la kijivu.

"Umeyaona kwake," alisema hatimaye. Lakini alisema kama mtu anayeomba.

"Jumamosi anatakiwa kuja kubisha hodi kwetu, Pokuaa. Ho. Viti vimeshapangwa."

Hakupiga kelele. Alifunga bunda, akafuta mafuta ya pilipili kidoleni kwa karatasi, kidole kimoja, mara nyingi.

"Shingo," alisema. "Rovu. Wewe ulisoma wapi?"

"Kwa Ofosu. Alinipa ufupisho wake. Ameuchapa kwenye kompyuta."

"Una mfano wa tai?"

Nikauelewa mfano huo kabla hajamaliza. Niliupenda sana, niliwahi kumsomea mama kwenye simu. "*Tezi imekaa shingoni kama tai iliyofungwa na mtu aliyechelewa kazini.*"

"Mtu aliyechelewa kazini ni baba yangu," Pokuaa alisema. "Mimi ndiye niliyeuandika. Shingo, matiti, majeraha ya moto, yote mimi. Alisema mwandiko wangu mbaya, ngoja anichapie."

Tukatazamana. Wasichana wawili tulikuwa tumeisoma orodha yote ya mlangoni, mstari kwa mstari, na katikati yetu alikuwa mtu asiyefungua hata jalada.

"Kwa hiyo yeye amesoma nini?" Pokuaa aliuliza.

Mama wa waakye akatuuliza kama tunakula au tuwaachie wengine viti.

*

Nilimkuta Ofosu kwenye korido ya idara, amesimama mbele ya ile karatasi ya mlangoni kama anaisoma. Aliponiona uso wake uliwaka kama siku zote. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza, kwamba uso ule haukubadilika.

"Edi. Nilikuwa nakutafuta."

"Nipe daftari langu."

"Lipo chumbani. Kuna nini?"

"Ukurasa wa arobaini na moja uliubadilisha?"

Alifungua mdomo. Nikaona anahesabu. "Si uliniambia..."

"Nilikwambia Septemba. Ulisema unalo mkononi."

"Nilikuwa kwenye gari siku ile."

"Kwa nini usiseme uko kwenye gari?"

"Sikutaka uone kama sijali." Alipunguza sauti, akasogea. "Umezungumza na Pokuaa."

"Amezungumza yeye. Mimi nilikuwa dada yako."

Alifumba macho. Kope zake ndefu, ambazo nilikuwa nazitazama akisinzia maktaba. Nilichukia kwamba bado nilizitazama.

"Nisikilize," alisema. "Mama aligeuza safari. Wiki tatu zilizopita. Alisema hakanyagi ng'ambo ya mto Volta kwenda kuomba mke kwa lugha asiyoijua. Baba yake Pokuaa walisoma na mjomba. Walikwisha kupatana wao kwa wao, mimi niko wodini nashona vidonda. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia. Baada ya mtihani. Nisikuvurugie masomo."

"Mtihani Jumatatu, Ofosu. Kubisha hodi Jumamosi. Baba yangu angekaa kwenye kiti mpaka saa ngapi?"

Alijikuna shingo. "Ningempigia asubuhi. Ningesema gari limeharibika njiani."

Alilisema hilo kawaida kabisa, kama mtu anayetaja dawa. Nikamwona baba amevaa kitambaa chake cha sikukuu, anatoka mpaka barabarani kuangalia kama kuna vumbi.

"Kopi umetoa lini?"

"Edi..."

"Lini?"

"Agosti."

Agosti. Mama yake aligeuza safari wiki tatu zilizopita, lakini kopi ilitoka Agosti, wino haujakauka, penseli zangu bado ziko mezani Ho.

Alijua kwamba nimehesabu. Akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Nijibu jambo moja tu," nilisema. "Ulipokuwa unatoa kopi, ungeweza kuweka kipande cha karatasi pembeni. Kuziba. Pokuaa angepata mafunzo, maneno yangu yangebaki. Kwa nini hukuziba?"

Kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama bila kupanga. Alikuwa na macho ya mtoto aliyekutwa na kitu kinywani.

"Yalikuwa mazuri," alisema. "Mimi siwezi kusema vile."

Nilidhani ningelia pale. Sikulia. Mlango ulifunguka, mtu akapita na faili, akatusalimu, sote wawili tukamwitikia vizuri.

"Bado nakupenda wewe," Ofosu alisema mtu yule alipopita. "Pokuaa ni mambo ya nyumbani."

"Usiniambie hivyo. Maneno hayo utakuwa umeyachukua mahali."

*

Nilimpigia mama Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimepanga sentensi tatu na nikasema moja.

"Mama, wageni hawaji."

Nikasikia trei ya mkate inawekwa mezani.

"Jumamosi hii, au kabisa?"

"Kabisa."

"Haya," mama alisema. Alivuta pumzi. "Viti nitavirudisha mwenyewe. Baba yako nitamwambia mimi, usimpigie. Wewe umekula?"

"Bado."

"Loweka unga wako wa muhogo, weka maziwa na karanga, ule. Edinam. Sikia. Umewahi kumwona mtu huyo anakula mkate wangu?"

"Hapana, mama."

"Basi hajachukua kitu hapa."

Alikosea, lakini nilimpenda kwa kukosea.

*

Ijumaa ilikuwa duru ya mwisho kabla ya mtihani. Kitanda namba kumi na mbili. Mzee Amponsah alikuwa amefanyiwa upasuaji jana yake, amelala chali, bandeji nyeupe kinenani.

"Goti lipo," alitutangazia kabla ya salamu.

Profesa Dwomoh alikuwa na karatasi zetu mkononi, zile ambazo kila mmoja alijaza orodha yake na mstari wa tano. Alivaa miwani.

"Ofosu. Mstari wako wa tano umeandika: *majadiliano na wenzangu.*" Aliiangalia karatasi upande wa pili kama kuna zaidi. "Vizuri. Mtu asome na wenzake. Basi tujadiliane. Pokuaa nilimuuliza Jumatano, nyote mlikuwepo, swali haliwezi kuwa gumu. Paja la kushoto. Nje kuja ndani."

Ofosu alinitazama.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Miaka miwili. Akiulizwa, ananitafuta kwa macho, nami nikiwa nimelikumbatia daftari kifuani naandika kwa kidole juu ya jalada herufi ya kwanza ya jibu. Yeye anaisoma, na lililobaki linatoka lenyewe, kwa sauti nzuri, na mimi narudi kwenye hosteli nina furaha kana kwamba nimejibu mimi. Hakuna aliyewahi kutugundua. Wakati mwingine nilifikiri ndiyo maana ya kupendana, kusimama mbele ya watu wote na kuwa na lugha yetu wawili.

Alikuwepo Jumatano. Profesa alikuwa amelisema jibu kwa kinywa chake, neva nje, vena ndani. Lakini Jumatano Ofosu alikuwa anahesabu matone ya dripu.

Macho yake yalinijia moja kwa moja, yakashuka kifuani kutafuta daftari.

Daftari sikuwa nalo. Nilikuwa nimeliacha chumbani. Niliitia mikono yangu yote miwili kwenye mifuko ya koti, nikamtazama usoni. Nadhani sikuwahi kumtazama hivyo, mchana, mbele za watu, bila kuogopa nani anaona. Nilimwona anasubiri. Nilimwona anaelewa.

"Vena," alisema. Sauti yake ilikuwa nzuri kama kawaida. "Vena, ateri, neva."

Mzee Amponsah alivuta shuka juu polepole.

"Wawili sasa," Profesa alisema kwa upole wa kutisha. "Kosa moja, maneno yaleyale. Hili halitoki kichwani kwa mtu, hili limeandikwa mahali. Mgonjwa mmoja atauawa na kitabu hicho. Nataka kukiona. Ni cha nani?"

Ofosu alitazama dripu. Pokuaa, upande wa pili wa kitanda, alinitazama mimi, na hakusema. Aliniachia. Mpaka leo namshukuru kwa ukimya ule.

Kusema ni langu ilikuwa ni kusema nimekosea mbele ya wote, siku tatu kabla ya mtihani. Na kunyamaza ilikuwa ni kumwachia Ofosu hata kosa.

"Ni daftari langu, Prof," nilisema.

"Sema kwa sauti, mzee hasikii vizuri."

"Ni langu. Nililiandika mimi, lote. Nilipitisha mchoro wa paja la kulia, nikageuza karatasi, nikasahau kugeuza majina. Nililisahihisha Septemba. Neva nje, ateri katikati, vena ndani."

Profesa alinitazama juu ya miwani muda mrefu. Kisha akamtazama Ofosu, kisha Pokuaa, kisha mimi tena. Alikuwa amewaozesha na kuwaachanisha wanafunzi wengi wodini mle kwa macho yake tu.

"Anayelijua kosa lake mpaka lilipozaliwa, huyo amesoma," alisema. "Ofosu, nenda maktaba. Anza na jalada." Akageukia bandeji. "Haya, tumwangalie mzee."

*

Alasiri Pokuaa alikuja chumbani kwangu. Hakuingia. Alisimama mlangoni na koti lake mkononi.

"Nimempigia baba. Nimemwambia mlango wetu Jumamosi umefungwa, watu tunajisomea," alisema. Macho yalikuwa yamevimba. "Mama yake Ofosu amelia kwenye simu kuliko mimi."

"Pole."

"Na wewe pole." Akanipa lile bunda la kopi. "Siwezi kukaa nalo. Nikilisoma nasikia sauti yake, na siyo yake."

Nikachukua kwenye meza karatasi zake za shingo, zilizochapwa bila jina. Nikachukua kalamu, nikaandika juu kabisa: *Pokuaa*. Nikamwonyesha.

"Naweza kubaki nazo mpaka Jumatatu?"

"Baki nazo. Habari za rovu Prof atauliza, lazima." Alisita. "Yale ya kinena, nitoe kopi tena, yale uliyosahihisha?"

"Nitakusomea mwenyewe kesho. Tunajisomea, si ndiyo?"

Akacheka kidogo, kicheko kilichokatika, akaondoka.

Nilikaa mezani. Jua la saa kumi lilikuwa limefika kwenye ukuta wa pili. Daftari langu la mikwaruzo halina maneno pembeni, kwa hiyo nilifungua kopi. Niliwaza kusoma tu. Ukurasa wa arobaini na moja nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika neva mahali pake na vena mahali pake, nikabonyeza sana mpaka karatasi ikakwaruzika. Halafu wa arobaini na mbili. Wa arobaini na tatu. Nilifika mbali kabla machozi hayajaanza, na yalipoanza hayakuwa na adabu yoyote. Nililia kwa ajili ya baba na kitambaa chake cha sikukuu. Nililia kwa ajili ya kope zile. Nililia kwa ajili ya msichana aliyekaa Agosti nzima kwenye meza ya unga, anamwandikia mtu aliyekuwa anayatafutia maneno hayo msomaji mwingine.

Nilipofuta macho, karatasi ilikuwa wazi mbele yangu, na pembeni, kwa penseli iliyogeuka kijivu, mtu mmoja aliyenijua vizuri alikuwa ameandika tena maneno yaleyale: *Pumzika hapa. Kunywa maji.*

Nikainuka, nikamimina maji kwenye kikombe. Nikanywa yote. Kisha nikarudi nikafungua ukurasa unaofuata.